Masharubu ya Inspekta Kenge

Fundi Cherehani alikuwa akikitafuta kitabu kile tangu kabla hajaota ndevu. Sasa kimelala mezani mbele yake, kati ya kopo la mafuta ya mashine na sahani ya sindano zilizopinda, naye anatamani kukichana vipande vipande.

Kilikuwa kitabu cha katuni, Inspekta Kenge, namba saba. Zamani kila mtoto aliyejua kusoma alimjua Inspekta Kenge, mpelelezi mwenye kofia pana na koti refu, mkia ukichungulia nyuma, anayewafuata wezi kwa kunusa. Waliokuwa wakivichapa vitabu hivyo walifunga kazi siku nyingi, na watoto wale sasa ni watu wazima wenye wajukuu, wanaozitafuta namba za zamani kama mtu anayetafuta dawa ya mgonjwa wake.

Wengine walikitaka kwa kukipenda tu. Fundi alikitaka ili amnyamazishe kaka yake.

Namba saba ya kwanza ilikuwa mali ya kaka. Fundi aliiazima akiwa mtoto, akaisoma, akairudisha kwenye sanduku la bati la kaka. Kaka akafungua sanduku, hakuiona. "Umeipoteza," akasema. "Nimeirudisha," Fundi akajibu. Basi wakabaki hapo hapo, mmoja na lake, mwingine na lake, mpaka mvi zikawakuta.

Kwenye harusi ya Fundi, kaka aliposimama kutoa nasaha alimgeukia bibi harusi akamwambia, "Shemeji, umepata mume mzuri, mchapa kazi. Ila ninakuonya, usimwazime kitu." Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Fundi naye akacheka, lakini kwa meno tu. Kaka alipofanyiwa upasuaji wa ngiri, wakampeleka wodini hajazinduka vizuri, Fundi alikesha amemshika mkono. Kaka alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa, "Namba saba umeipata?" Muuguzi akadhani mzee anaweweseka. Mzee hakuwa anaweweseka hata kidogo.

Ndiyo maana siku ile muuza vitabu wa kando ya barabara, waliyemwita Jalada, alipomnong'oneza Fundi kwamba namba saba imepatikana, Fundi hakubishana naye bei. Alikikumbatia kitabu ndani ya mfuko wake wa plastiki, wenye muhuri wa Chama cha Wakusanyaji, akatembea nacho hadi nyumbani akipishana na watu kama aliyebeba mayai. Akachukua mkasi wa kazi, akakata mfuko.

"Mbona kinanuka chai?" mke wake akauliza kutoka mlangoni.

"Ni uzee, Mama Watoto. Karatasi za zamani zina harufu."

"Mimi pia nimezeeka, sinuki chai."

Fundi alikuwa anatazama jalada. Inspekta Kenge alikuwa amesimama chini ya taa ya barabarani, kofia imeinamishwa, na chini ya pua yake alikuwa na masharubu. Yamesokotwa ncha kama ya jemadari, ya kushoto fupi na nadhifu, ya kulia imechepuka ghafla ikapanda juu, ikapita jicho, ikaenda kuishia kwenye ukingo wa kofia.

Fundi aliyajua masharubu yale. Aliyachora mwenyewe, amelala kifudifudi juu ya mkeka, kwa kalamu ya wino wa buluu. Lile la kulia lilichepuka kwa sababu kaka alifungua mlango kwa kishindo, mkono ukashtuka. Kaka alipokwenda kuoga, Fundi alikitia kitabu sandukuni, uso chini. Siku zote hizo aliulizwa habari za kupoteza tu. Habari za masharubu hakuulizwa, naye hakujitolea kusema.

Akapitisha kidole juu ya masharubu. Hakuna mkwaruzo wa kalamu. Yalikuwa yamechapwa pamoja na picha. Akageuza jalada, akakuta pini mbili mpya, zimepakwa rangi ya kahawia ili zionekane zina kutu.

"Kimepigwa kopi," akasema. Halafu akasimama hadi kiti kikaanguka. "Mama Watoto! Hiki kimepigwa kopi kutoka kwenye kitabu chetu! Kitabu chetu kipo! Yupo mtu anacho! Sikukipoteza!"

Mke wake alikiinua kiti. "Mimi nilishajua hukukipoteza. Ungekipoteza ungeshakiri, huna uwezo wa kuficha. Lakini mimi si mtu wa kumwambia. Kaka yako ndiye aseme."

"Atasema. Safari hii atasema mbele za watu."

*

Chama cha Wakusanyaji kilikutana ghorofani, juu ya duka la dawa la Mwenyekiti. Mwenyekiti, mfamasia, alivishika vitabu vya katuni kwa glavu zile zile za kupimia vidonge. Wanachama wote waliweka vitabu vyao katika mifuko ya plastiki iliyozibwa kwa mashine ya kufungia dawa, na Mwenyekiti akapiga muhuri juu. Kitabu kikishapigwa muhuri hakifunguliwi tena. Walikuwa humo watu wenye Inspekta Kenge kabati zima ambao hawakukumbuka tena hata hadithi moja.

"Umekifungua?" Mwenyekiti alimuuliza Fundi, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba mwenzake amefukua kaburi.

"Nimekifungua. Vitabu hufunguliwa."

"Kilikuwa na muhuri!"

"Muhuri wenu mmeupiga juu ya fotokopi, Mwenyekiti. Masharubu haya nimeyachora mimi, kwa mkono huu, nikiwa mtoto. Hiki ni bandia."

Mtu mmoja akakohoa kicheko. Katibu wa chama, mama aliyekuwa mkunga, akamwegemea. "Fundi, umekula tangu asubuhi?"

"Nimekula!"

"Maana na mimi ninacho." Akafungua mkoba wake, akatoa namba saba. Masharubu yale yale, na lile la kulia limepanda hadi kofiani. Mwanachama wa jirani akatoa yake. Masharubu. Wa dirishani akatoa yake. Masharubu. "Sasa sisi wote ulituchorea wewe?" Katibu akauliza. "Ulipata wapi nafasi?"

Wakacheka. Fundi akasubiri wamalize, ila kila mmoja akimaliza mwingine alikuwa anaanza.

Mwenyekiti akainua mkono wenye glavu. "Ndugu wanachama, tusimcheke mwenzetu. Jambo hili nimelichunguza kwa kina. Namba saba ziko za aina mbili. Zipo zenye masharubu na zipo zisizo na masharubu. Tumelinganisha moja moja. Zenye masharubu ni nyingi, zimetunzwa, ni safi. Zisizo na masharubu ni chache na zimechakaa. Hivyo bandia ni zile zisizo na masharubu."

"Zimechakaa kwa sababu ni za zamani!" Fundi akasema. "Zilisomwa! Watoto walizilalia!"

"Juzi tu," Mwenyekiti akaendelea, kana kwamba hakusikia, "alikuja mama mmoja na namba saba ya marehemu baba yake. Haina hata unywele mmoja chini ya pua. Nilimweleza kwa upole kwamba baba yake alidanganywa. Alilia sana."

Fundi alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mmemrudisha na kitabu halisi? Cha baba yake?"

"Haikuwa na masharubu, Fundi."

"Kenge hana masharubu! Nani aliwahi kuona kenge ana masharubu?"

"Nani aliwahi kuona kenge amevaa koti?" mtu wa dirishani akauliza, na chumba kikaangua kicheko tena.

Kando ya mlango, Jalada alikuwa anavaa viatu polepole, kwa heshima, kama mtu anayetoka msibani. Fundi alimwona. Akamkuta kwenye ngazi, akamshika ukosi.

"Umevitoa wapi?"

"Mzee wangu, mimi nauza tu. Mbuzi akiletwa buchani, mwenye bucha anamuuliza mama yake?"

"Jalada!"

"Kwa Mama Fotokopi," Jalada akasema upesi. "Nyuma ya ofisi za ardhi. Niachie ukosi, shati ni la kuazima."

*

Mama Fotokopi alikuwa na chumba kimoja, mashine mbili na foleni ya watu wenye vyeti vya kuzaliwa. Hakuona aibu wala hakukana. Alimwonyesha Fundi uani, ambako kurasa za Inspekta Kenge zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, zikichuruzika chai.

"Majani ya chai kidogo, chumvi kidogo, jua la kutosha," alisema. "Zinapendeza, siyo?"

"Mama, hizi unawauzia watu kama za kale!"

"Mimi simuuzii mtu cha kale. Jalada anataka karatasi za kahawia, nampa karatasi za kahawia. Maneno ni yake. Mimi ninapiga kopi, mzee. Mtu akileta cheti napiga cheti, akileta kenge napiga kenge."

"Na huyu kenge alikuletea nani?"

Mama Fotokopi akafikiri huku akigeuza ukurasa uliokuwa unajikunja. "Mzee mmoja mrefu, mwenye maringo. Aliongea nami kama mimi ni mwanafunzi aliyechelewa. Alikuwa na kitabu amekifunga kwa karatasi ya kaki, halafu uzi mwekundu, mafundo juu ya mafundo, tulikaa hapa tunafungua mpaka foleni ikanung'unika."

Fundi akakaa juu ya ndoo ya chai iliyogeuzwa.

Alimfahamu mtu mmoja tu duniani aliyefunga vitu kwa uzi mwekundu. Mtu huyo alifunga hivyo hati zake, dawa zake, na viatu vyake vya safari. Mtu huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na alikuwa kaka yake.

"Alitaka nini?" akauliza.

"Nakala moja tu. Ila akasema nifute masharubu kwanza, kitabu kionekane kipya, anataka kumpa mtu. Nikajaribu kwenye kompyuta. Nikifuta masharubu, pua nayo inaondoka. Aliporudi akayakuta bado yapo, akaniambia mimi ni hasara kwa taifa, akabeba kitabu chake akaenda. Picha za kitabu kizima zikabaki kwenye mashine. Jalada akapita akaziona, na ndiyo hivyo."

*

Kaka alikuwa ameketi barazani kwake, anasoma gazeti huku kalamu nyekundu iko mkononi, akisahihisha makosa ya waandishi. Hakuinua macho.

"Bwana mdogo. Umenijia na namba saba?"

Fundi alizoea kuumeza mzaha huo. Leo ulimkwama. "Kaka, lile sanduku lako la bati liko wapi?"

Kalamu ikasimama. "Nililitupa. Lilitoboka."

"Na vilivyokuwamo?"

"Karibu ndani. Shemeji yako ametoka, lakini naweza kukuwekea chai."

"Chai nimeshainusa ya kutosha. Nimetoka kwa Mama Fotokopi."

Kaka alikunja gazeti mara moja, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama kitambaa cha mkono. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na kifurushi cha karatasi ya kaki. Alipomaliza kufungua mafundo, Inspekta Kenge halisi alikuwa amelala mapajani mwake, amekunjika pembe, na masharubu ya wino wa buluu uliofifia.

"Kilikuwa kimeteleza chini ya magazeti niliyotandika ndani ya sanduku," kaka akasema, akimwambia kitabu zaidi kuliko kumwambia ndugu yake. "Nilikiona nilipokuwa nalitupa."

"Ulilitupa lini?"

"Tulipohamia hapa."

"Mlipohamia hapa!" Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena. "Kaka, tangu mhamie hapa kitinda mimba wangu ameoa! Na wewe ulisimama pale harusini, ukamwambia bibi harusi wake kwamba katika ukoo huu upotevu unarithiwa!"

"Nilikuwa nimeshasimama. Watu walikuwa wananitazama, wanangoja. Ningesema nini?"

"Ungesema mdogo wangu hakupoteza kitu!"

"Bwana mdogo, nimefundisha watu kwa miaka mingi. Siwezi kusimama tu mbele ya watoto na wajukuu nikasema nilikuwa nakosea tangu enzi hizo. Ndiyo maana nilitaka nakala. Nikupe, nikwambie nimeiona sokoni, basi, jambo liishe kwa amani."

"Kwa amani yako!"

"Na hata hivyo," kaka akasema, na sasa sauti yake ilipanda, akagonga jalada kwa kidole, "hata hivyo nijibu wewe. Nani alimtia Kenge wangu masharubu? Unajua nimekaa na jambo hili kooni tangu lini? Kila nikikuona nataka kukuuliza, na siwezi kukuuliza bila kusema nimekipata! Nimeteseka!"

"Umeteseka wewe?"

"Mimi!"

Walitazamana, wanaume wawili wenye mvi, wote wakihema. Kisha Fundi akamweleza kaka habari za chama, za muhuri, na za yule mama aliyerudishwa analia na kitabu cha baba yake. Kaka alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mwalimu mkuu alivyoamka ndani yake.

"Wamesema cha baba yake ni bandia? Kwa sababu hakina hii takataka yako?"

"Ndiyo."

"Huo ni ujinga. Nitakuja na kitabu. La chama nitalisema. La familia," akafunga uzi mwekundu, fundo juu ya fundo, "hilo tutaliangalia."

*

Mke wa Fundi alivaa kanga yake nzuri akasema naye anakwenda. "Mimi ndiye niliyeambiwa nisikuazime kitu," alisema. "Nina haki ya kusikia."

Ghorofani Mwenyekiti alikichukua kitabu halisi kwa glavu, akakiweka chini ya taa, akakishushia lenzi. Wanachama wakamzunguka. Aligeuza jalada. Akalitazama upande wa nyuma. Akaligeuza tena. Kaka alisimama wima, fimbo mkononi, akingoja kuombwa radhi.

"Wazee wangu," Mwenyekiti akasema hatimaye, akivua glavu moja baada ya nyingine, "poleni sana. Masharubu haya yamechorwa kwa kalamu. Wino umepenya hadi upande wa pili wa karatasi. Masharubu halisi hayapenyi. Hiki ni bandia, tena bandia iliyofanywa ovyo. Angalieni lile la kulia, mkono ulimtetemeka."

Fundi alikuwa amechoka kiasi kwamba angekaa hapo hapo sakafuni. Alimgeukia mke wake kumwambia twende nyumbani.

Fimbo ya kaka ikagonga sakafu hadi chupa za dawa dukani chini zikalia.

"Mkono ulimtetemeka kwa sababu mimi nilifungua mlango!" kaka akanguruma. "Mimi! Huyu ni mdogo wangu, na masharubu haya ameyachora yeye, kwenye kitabu changu, bila ruhusa yangu! Wewe unayevaa glavu unaniambia nini? Amekichora, akakirudisha sandukuni mwangu, kikateleza chini ya magazeti, na kikakaa humo! Hakukipoteza! Hajawahi kukipoteza! Nilikuwa nacho mimi! Mimi ndiye niliyekuwa nacho, na nikamsema harusini kwake, na harusini kwa mwanawe, naye hakukipoteza! Umesikia? Au nikuandikie ubaoni?"

Kaka mwenyewe alionekana kushangaa, kama mtu aliyejikwaa akajikuta ameshavuka mtaro.

"Nimesikia," mke wa Fundi akasema taratibu kutoka mlangoni. "Asante, shemeji."

Katibu alikuwa wa kwanza kujisogeza. Alitoa namba saba yake mkobani, akaitazama plastiki yake, akaing'ata pembe akaichana. Mwenyekiti akapiga yowe dogo. Katibu akainusa. Akampa jirani yake, naye akanusa. Mtu wa dirishani akachana yake.

"Chai," akasema.

"Yangu ina tangawizi," akasema mwingine.

"Ndugu wanachama, tusiharakishe," Mwenyekiti alisema, akikusanya vipande vya plastiki mezani. "Itabidi tuunde kamati ndogo." Lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza, na Katibu alikuwa ameshauliza nani anajua anakokaa yule mama aliyelia.

Kaka alilalamika njia nzima. Alilalamika kuwa ngazi za duka la dawa ni za mwinuko, kuwa Mwenyekiti hajui kuchunguza kitu, na kuwa masharubu yamechorwa vibaya. Angejua mdogo wake anataka kuchora, angemwonyesha jinsi ya kuinamisha kalamu. Mke wa Fundi alitembea mbele yao, mabega yakimtikisika. Fundi alijua anacheka, na alijua kwamba kuanzia sasa kila harusi itakuwa na hadithi ya masharubu.

Walipofika njia panda ya kwa kaka, mzee alisimama, akamsukumia Fundi kile kifurushi kifuani.

"Kaa nacho."

"Ni chako, kaka. Nimekisumbukia maisha yangu yote kije kwako."

"Nimesema kaa nacho." Kaka alikuwa anatazama upande mwingine wa barabara. "Kikirudi kwangu nitakitia mahali, nitakisahau, na nitasema umekipoteza wewe. Najijua."

Fundi akakishika kwa mikono miwili. Alijaribu kulegeza fundo la kwanza la uzi mwekundu, likakataa. Akajaribu kwa meno.

"Si hivyo," kaka akasema kwa hasira. "Lete hapa. Hata kufungua uzi hujui."